Kuufahamu Mji kwa Baiskeli na kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo hurudiwa na watu wanaotaka kuujua mji kupitia majengo na mitaa yake bila kupanda gari. Yameanza yale ya msingi, yakafuata ya kupanga njia na ya kusoma majengo, na mwisho zimewekwa hali ambazo si za kila siku. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa katika jibu jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kwa nini baiskeli na miguu kwa pamoja? Je, kimoja hakitoshi?

Kila kimoja kina kazi yake. Mtu anayetembea bila haraka huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, na akisimamasimama kutazama huenda pungufu ya hapo. Kwa mwendo huo huona nakshi za mlango, mwaka uliochongwa juu ya kizingiti, ufa uliozibwa kwa lipu ya rangi tofauti na dirisha lililozibwa kwa matofali. Lakini asubuhi nzima itakwisha akiwa ndani ya mtaa mmoja, wala hatajua mtaa huo unaungana vipi na mingine.

Baiskeli inayoendeshwa kwa starehe huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Mwendo huo unatosha kutoka kitovu cha mji hadi pembezoni kwa muda mfupi, na mwendeshaji bado anausikia mji, anahisi mteremko kwenye miguu yake, na anatambua mahali ambapo barabara inapanuka au nyumba zinapungua urefu. Abiria wa gari au wa treni ya chini ya ardhi huyakosa mabadiliko hayo yote.

Kwa hiyo mwongozo unaofuatwa katika ukurasa huu ni mmoja: panda baiskeli kutoka mtaa hadi mtaa, na ukiwa ndani ya mtaa shuka utembee. Baiskeli huonyesha jinsi mji ulivyoungana, na miguu huonyesha jinsi nyumba zilivyojengwa.

Je, ni lazima niwe nimesomea usanifu majengo?

Hapana. Majina ya mitindo yanasaidia, lakini anayeanza nayo mara nyingi huishia kubandika jina na kuondoka. Ni afadhali kuanza na swali la kwa nini. Karibu kila sehemu ya jengo ni jibu la tatizo fulani: maji ya mvua yaelekezwe wapi, mwanga uingie vipi, joto litoke wapi, moto usienee.

Chukua mfano wa London. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya mji uliokuwa na nyumba nyingi za mbao, na sheria zilizofuata zikaamuru kuta zijengwe kwa matofali au mawe. Sheria ya mwaka 1709 ikaongeza kwamba fremu za mbao za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kwa takriban sentimita 10, ili moto usirukie dirishani kwa urahisi. Leo mtembezi asiyejua lolote kuhusu mitindo anaweza kusimama mbele ya nyumba mbili na kuona kwamba dirisha la moja limekaa sawa na uso wa ukuta na la nyingine limeingia ndani. Tofauti hiyo peke yake inamweleza jambo kuhusu umri wa nyumba na hofu ya watu waliozijenga.

Ni mitaa mingapi inatosha kwa siku moja?

Miwili inatosha, na mitatu tayari ni mingi. Anayepanga mitaa sita huishia kuendesha baiskeli siku nzima bila kushuka. Kilomita 15 hadi 20 za baiskeli, zikigawanywa na vituo viwili virefu vya kutembea, ni siku kamili kwa mtu mwenye afya ya kawaida asiye na mazoezi maalumu.

## Kupanga njia

Nianzie wapi katika mji nisioujua?

Watu wengi huanzia kwenye uwanja mkuu au kwenye jengo lililo maarufu kuliko yote. Ushauri wetu ni tofauti: anzia mpakani, yaani mahali ambapo mtaa mmoja unakwisha na mwingine unaanza. Katikati ya mtaa kila kitu kinafanana na jicho huzoea haraka, ilhali mpakani nyakati mbili au tabaka mbili za watu hutazamana ng'ambo ya barabara, na tofauti hujieleza zenyewe.

Mipaka ya zamani iliyo wazi kuliko yote ni kuta za ulinzi. Huko Vienna, Mfalme Franz Joseph aliamuru mwaka 1857 kwamba kuta zibomolewe, na juu ya ardhi iliyobaki wazi ikajengwa barabara pana ya Ringstrasse, iliyofunguliwa mwaka 1865. Mwendesha baiskeli anayeizunguka huwa na majumba makubwa ya karne ya 19 kandokando yake, na akiingia upande wa ndani hujikuta mara moja katika njia nyembamba za mji wa kale. Huko Lucca, Italia, kuta hazikubomolewa. Juu yake kuna njia yenye miti, ya zaidi ya kilomita 4, ambako watu hutembea na kuendesha baiskeli, mapaa ya mji yakiwa upande mmoja na mji mpya upande mwingine.

Mipaka mingine ni ya karibuni na ya uchungu zaidi. Ukuta wa Berlin ulisimama kuanzia mwaka 1961 hadi 1989, na leo kuna njia ya baiskeli na ya miguu ya takriban kilomita 160 inayofuata mahali ulipopita kuizunguka iliyokuwa Berlin Magharibi. Katikati ya mji, safu mbili za mawe zilizopachikwa barabarani huonyesha mstari wake. Anayeufuata kwa baiskeli atakutana na viwanja vilivyobaki wazi, majengo yaliyoziba mapengo baada ya mwaka 1989, na kuta za kando zisizo na madirisha katika barabara ambayo haikutarajiwa kuwa ukingo wa kitu chochote.

Ikiwa mji hauna historia ya ukuta, tafuta reli, mto, mfereji, bonde au barabara kuu. Tafuta pia kwenye ramani barabara inayojipinda kuzunguka kitovu, kwa kuwa mara nyingi hiyo imerithi mahali pa ukuta au handaki lililokwisha kusahauliwa.

Nitumie ramani ya aina gani?

Tumia mbili: ya leo na ya zamani. Kwa ramani ya leo, OpenStreetMap, mradi wa wananchi ulioanzishwa mwaka 2004, huwa na vichochoro, ngazi na njia za baiskeli ambazo ramani zilizotengenezwa kwa ajili ya magari huziacha. Hakikisha programu unayoitumia inaonyesha mwinuko wa ardhi, na ipakue ramani kwenye simu kabla ya kutoka ili usitegemee mtandao.

Ramani ya zamani hupatikana maktaba au katika nyaraka za mji, na nyingi zimekwisha kuwekwa kwenye intaneti. Zenye thamani kubwa ni zile zilizochorwa kwa sababu za kifedha, maana aliyezichora alilipwa ili asikosee. Nchini Marekani, ramani za kampuni ya Sanborn zilichorwa kwa ajili ya bima ya moto, na zilionyesha nyenzo za kila jengo kwa rangi: waridi kwa matofali, njano kwa mbao. Ukizilinganisha na barabara iliyopo mbele yako, utajua ni nyumba ipi imebaki, ipi imebadilishwa na wapi palikuwa na karakana.

Nitoke saa ngapi, na siku gani?

Toka mapema. Magari huwa machache, na jua lililo chini hupiga uso wa jengo kwa mshazari na kuitokeza nakshi ambayo jua la utosini huifuta. Panga njia kwa kufuata mwanga: nyuso zinazotazama mashariki ziwe za asubuhi, zinazotazama magharibi ziwe za alasiri. Katika miji iliyo mbali na ikweta kumbuka pia kwamba upande wa kaskazini wa dunia jua hukaa kusini, na upande wa kusini hukaa kaskazini, kwa hiyo nyuso zilizogeuzwa upande wa pili hubaki kivulini sehemu kubwa ya mwaka.

Kuhusu siku, Jumapili asubuhi hufaa kwa mitaa ya ofisi na biashara. Katika miji kadhaa barabara hufungwa kwa magari siku hiyo. Bogotá ndiyo mfano mkubwa: Ciclovía yake ilianza mwaka 1974, na leo zaidi ya kilomita 120 za barabara huachiwa watembezi na baiskeli kila Jumapili na siku za sikukuu. Hata hivyo, mtaa wa makazi au wa soko uone pia siku ya kazi, kwa sababu jengo lisilo na watu wake linaeleza nusu tu ya habari.

Je, ni bora kwenda na mwongozaji?

Mara ya kwanza katika mji mkongwe wenye vichochoro vingi, ndiyo. Baada ya hapo, nenda mwenyewe ili uweze kusimama unapotaka. Njia ya kati ni matembezi ya bure yanayoongozwa na wakazi wenyewe. Yale yanayoitwa Jane's Walk yalianza Toronto mwaka 2007 kwa kumbukumbu ya Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, na baadaye yakaenea katika miji mingi.

## Kusoma majengo na barabara

Nikisimama mbele ya jengo, nitazame nini kwanza?

Vuka barabara, kisha tazama juu ya ghorofa ya chini. Sehemu ya chini ya jengo lililo kando ya barabara yenye biashara hubadilishwa kila anapoingia mpangaji mpya: madirisha hupanuliwa, vigae hubandikwa, mabango hutundikwa. Kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu, mara nyingi jengo limebaki kama lilivyojengwa. Baada ya hapo zunguka ukatazame upande na nyuma. Uso wa mbele ulijengwa ili uonekane, ukuta wa nyuma ulijengwa kwa gharama nafuu, na ndiyo maana nyuma kuna ukweli zaidi kuhusu nyenzo.

Kisha jiulize ni kitu gani kinachobeba uzito. Mwalimu bora wa somo hili ni jengo la Monadnock mjini Chicago, ambalo linafaa kuzungukwa kwa miguu polepole. Nusu yake ya kaskazini, iliyokamilika mwaka 1891, inabebwa na kuta za matofali, na ili ghorofa 16 zisimame kuta hizo zilihitaji unene wa karibu mita 1.8 chini kabisa. Nusu ya kusini, iliyokamilika mwaka 1893, ina kiunzi cha chuma, hivyo ukuta haukuwa tena na mzigo wa kubeba. Miaka miwili tu inazitenga nusu hizo, lakini kati yake kuna mwisho wa njia moja ya kujenga na mwanzo wa nyingine.

Mwisho tazama tofauti baina ya ghorofa. Katika majengo ya Paris ya wakati wa Haussmann, aliyekuwa mkuu wa eneo la Seine kuanzia mwaka 1853 hadi 1870, roshani ndefu hukaa kwenye ghorofa ya pili na ya tano. Ya pili ilikuwa ya wenye fedha, kwa kuwa ilikuwa juu ya kelele za barabarani lakini bila ngazi nyingi za kupanda. Vyumba vya watumishi viliwekwa chini ya paa. Lifti ilipoenea mpangilio huo ulipinduka, ghorofa za juu zikawa ghali, lakini roshani zilibaki pale pale kama ushahidi.

Nitajuaje umri wa jengo lisiloandikwa mwaka?

Hakuna dalili moja inayotosha. Kusanya tatu au nne. Tazama vioo: vipande vidogo vingi katika dirisha moja huashiria wakati ambapo kioo kikubwa kilikuwa ghali au hakikuwezekana. Tazama mpangilio wa matofali: ukiona safu zinazochanganya matofali yaliyolala kwa urefu na yale yanayoonyesha kichwa, ukuta huenda ni mzito na mzima, ukiona urefu mtupu, huenda ni ukuta wa tabaka mbili wenye uwazi katikati, au ngozi nyembamba iliyovalishwa kiunzi. Tazama pia jirani. Jengo lililobanwa kati ya mawili yanayofanana kwa kawaida limekuja baada yao.

Jihadhari na dalili zinazovutia mno. Nchini Uingereza kulikuwa na kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na ni kweli kwamba baadhi ya madirisha yalizibwa ili kuikwepa. Lakini mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, kwa sababu msanifu alitaka pande mbili za uso zilingane ilhali ndani palikuwa na bomba la moshi. Dirisha lililozibwa ni swali la kuuliza, si jibu.

Kwa nini nyumba za mtaa mmoja hulingana upana?

Kwa kawaida ni kwa sababu ya viwanja au nyenzo. Viwanja vilivyogawanywa kwa siku moja huacha alama kwa karne nyingi, hata nyumba zenyewe zikijengwa upya mara kadhaa. Kandokando ya mifereji ya Amsterdam, nyumba nyembamba na ndefu kwenda juu zina ngazi za ndani zilizo finyu kiasi kwamba mizigo ilipandishwa kwa nje. Boriti yenye ndoano iliyochomoza juu ya uso wa nyumba ingali inaonekana, na nyuso nyingi zimeinama mbele kidogo.

Nyenzo nazo huweka kipimo. Katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, kama vile Lamu, dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na virefu. Chumba hakikuweza kupanuliwa kwa upana, kwa hiyo nyumba iliongezwa chumba nyuma ya chumba.

Kwa nini barabara nyingine zimenyooka na nyingine zimepindapinda?

Iliyonyooka kwa kawaida ilichorwa kwenye karatasi kabla ya nyumba. Iliyopinda ilifuata kitu kilichokuwapo: mkondo wa maji, mwinuko, mpaka wa shamba, njia ya miguu. Zikikutana, hutokea mambo ya kuvutia. Mpango wa Manhattan, New York, wa mwaka 1811 uliweka barabara za mraba kwa mraba, lakini barabara ya Broadway ilikuwa imetangulia na ikaendelea kukatiza kwa mshazari. Kila inapovuka barabara pana ya mpango huo, hubaki kipande cha pembetatu. Jengo la Flatiron la mwaka 1902 limesimama juu ya kipande kimojawapo, na umbo lake la pembe kali limetokana na hilo.

Barcelona inafaa kuonwa kwa njia zote mbili za kusafiri. Katika mpango wa Ildefons Cerdà ulioidhinishwa mwaka 1859, kila pande la majengo lina upande wa karibu mita 113, na kona zake zimekatwa ili kila makutano yawe na uwazi. Kwa baiskeli, mpango huo ni wepesi na wa kutabirika. Kwa miguu, mtu hugundua kwamba kona zilizokatwa humlazimisha kuacha mstari ulionyooka kila anapovuka, na hilo haliwezi kujulikana kwa kutazama ramani.

Usidhani kwamba kupinda ni fujo. Katika mji mkongwe wa Fez, Morocco, njia zina daraja zilizo wazi: njia kuu za biashara, kisha njia za mtaa, kisha vichochoro visivyo na mlango wa kutokea vinavyohudumia nyumba chache. Ukishaelewa utaratibu huo hupotei kwa urahisi, na unajua pia ni wapi pa kugeuka kurudi (tazama swali la mitaa ya watu wenye kipato kidogo, ambalo linagusa suala la njia zilizo nusu za faragha).

Je, kuna faida ya kutazama nyumba za kawaida zisizo na jina?

Faida kubwa kuliko ya kutazama majumba mashuhuri. Jumba huonyesha alichotaka mtawala mmoja, ilhali safu ya nyumba za kawaida huonyesha kile ambacho mji mzima uliweza kumudu na kukubaliana. Baada ya tetemeko la mwaka 1755, eneo la Baixa la Lisbon lilijengwa upya kwa barabara zilizonyooka na nyumba zinazofanana, ambazo mgeni huzipita akitafuta kitu cha kupiga picha. Ndani ya kuta hizo umefichwa mfumo wa mbao zilizoungwa kwa mishazari ili nyumba iweze kutikisika bila kuanguka. Ni miongoni mwa majaribio ya mapema ya kujenga mtaa mzima kwa kufikiria tetemeko lijalo, nayo yalifanywa katika nyumba za wafanyabiashara na wapangaji.

Vipi kuhusu majengo ya zege ya karne ya 20?

Yape muda uleule unaoyapa ya kale. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, una kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938, chenye mabawa mawili ya zege ya karibu mita 15 kila moja, yasiyo na nguzo chini yake.

Brasília, mji mkuu wa Brazili uliozinduliwa mwaka 1960 kwa mpango wa Lúcio Costa na majengo mengi ya Oscar Niemeyer, ulipangwa kwa gari, na mtembezi katika mhimili wake mkuu huchoka kabla ya kufika. Hapo baiskeli inaokoa siku. Lakini ndani ya maeneo yake ya makazi mambo hugeuka: majengo ya ghorofa zisizozidi sita yameinuliwa juu ya nguzo, kwa hiyo mtu anaweza kupita chini yake kwa miguu, kivulini, kutoka jengo moja hadi jingine.

## Baiskeli na barabara

Baiskeli ya aina gani inafaa?

Ile inayokukalisha wima, yenye gia chache, breki zinazoaminika, taa, kengele na kigingi cha kuisimamishia. Baiskeli ya mashindano hukuinamisha ukatazama lami. Kuna sharti moja lisilo na msamaha: usitazame majengo huku magurudumu yanazunguka. Ukivutiwa na kitu, toka njiani, simama, weka mguu chini, ndipo uinue macho.

Nikodi baiskeli moja kwa siku nzima, au nitumie za vituo vya umma?

Pale zilipo, za vituo vya umma zina faida inayosahauliwa: unaweza kuiacha ukingoni mwa mtaa, ukaukata mtaa kwa miguu, na kuchukua nyingine upande wa pili. Mwenye baiskeli yake hulazimika kurudi alikoifunga, na hivyo matembezi yake yote huwa ya mzunguko. Paris ilianzisha Vélib' mwaka 2007, na mifumo ya namna hiyo sasa ipo katika miji mingi. Kasoro yake ni kwamba bei kwa kawaida hupangwa kwa safari fupi. Ukiikalia saa nyingi utalipa zaidi.

Ni wapi ninapaswa kushuka?

Shuka penye watu wengi, penye ngazi, sokoni, makaburini na karibu na nyumba za ibada. Baadhi ya maeneo yamepiga marufuku kabisa: katika mji wa kihistoria wa Venice kuendesha baiskeli hakuruhusiwi. Strøget ya Copenhagen, iliyofungwa kwa magari mwaka 1962, ni ya waenda kwa miguu, ingawa mji wenyewe ni wa baiskeli. Mahali pengi anayeikokota baiskeli huhesabiwa kuwa mtembezi, lakini soma alama za mahali ulipo.

Nifanye nini kwenye reli za tramu na barabara za mawe?

Vuka reli kwa pembe inayokaribia mraba. Gurudumu likiingia kwenye mfuo wa reli kwa mshazari litanasa na kukuangusha, hasa penye maji. Kwenye mawe, punguza upepo wa matairi kidogo, shika usukani bila kuukaza, na ukiona yameloa, tembea.

Mji wangu hauna njia za baiskeli. Je, niache?

Usiache, ila badilisha njia. Karibu kila barabara kuu ina mwenzake iliyo sambamba nayo, yenye magari machache, na mara nyingi hiyo ndiyo ya zamani zaidi na yenye majengo ya kuvutia. Ipite kwanza kwa miguu. Ikiwa hakuna njia salama ya kuunganisha mitaa miwili, panda basi kati yake na utembee ndani.

## Adabu, picha na usalama

Je, naruhusiwa kupiga picha ya jengo lolote lililo kando ya barabara?

Kwa matumizi yako binafsi, katika nchi nyingi, ndiyo, isipokuwa majengo ya kijeshi, ya polisi na mengine yaliyowekewa katazo. Kuchapisha au kuuza ni jambo jingine. Ujerumani huruhusu picha za majengo zilizopigwa kutoka njia ya umma, hata kwa biashara. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2016, huruhusu watu binafsi tu na bila biashara pale haki za msanifu zinapokuwa hazijakwisha. Kuhusu watu, waombe kwanza, hata pale ambapo sheria haikulazimishi.

Nitaingiaje ndani ya majengo?

Tafuta siku za milango wazi. Ufaransa ilizianzisha mwaka 1984, na London imekuwa na zake tangu mwaka 1992. Kwa kawaida huwa mwezi wa Septemba. Siku nyingine, maktaba, mahakama, posta na vituo vya treni huingilika bila malipo, na baadhi ya kumbi bora za mji zimo humo.

Je, ni sawa kutembelea mitaa ya watu wenye kipato kidogo?

Ni sawa ukienda kujifunza kuhusu ujenzi na maisha ya mtaa, na si sawa ukienda kutazama umaskini. Tofauti huonekana katika vitendo: unasalimu, unanunua kwa wauzaji wa hapo, unaeleza unachokitafuta unapoulizwa, kamera inabaki mfukoni mpaka ukaribishwe. Usiingie kwenye uchochoro usio na mlango wa kutokea wala kwenye ua ambao nyumba kadhaa zinauchangia. Hapo ni kama umeingia sebuleni. Ni bora zaidi kuandamana na mkazi.

Ujenzi wa mitaa hiyo unastahili macho makini. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya paa bapa ni mpango wa ghorofa ijayo, fedha zitakapopatikana. Ngazi ya nje huonyesha kwamba ghorofa ya juu imekodishwa au amepewa mtoto aliyeoa. Nyumba kama hiyo hujengwa kwa miaka mingi, na mwenyewe ndiye msanifu wake.

## Hali za pekee

Mji una vilima vikali. Nifanyeje?

Anza juu. Panda kwa basi au tramu hadi mtaa ulio juu kuliko yote, kisha teremka mtaa kwa mtaa. Kama ni lazima upande, tafuta njia ya wenyeji: waendesha baiskeli wa San Francisco hutumia njia ya kuzungukazunguka iitwayo the Wiggle, inayopita baina ya vilima badala ya juu yake. Kumbuka mwinuko pia. Asmara uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mgeni huishiwa pumzi hata kwenye barabara tambarare.

Siwezi kutembea mbali, au ninatumia kiti cha magurudumu. Je, nitafaidi?

Ndiyo, kwa kugeuza uwiano: baiskeli ya magurudumu matatu, ya mikono au yenye mota ibebe sehemu kubwa ya safari, na vituo viwe vifupi kwa umbali lakini virefu kwa muda. Chagua mitaa iliyopangwa kwenye karatasi, kwani njia zake huwa pana na zenye ngazi chache, na soma ramani ya mwinuko kwanza.

Je, mvua na usiku huharibu safari?

Mvua nyepesi hufundisha: utaona paa, mifereji na michirizi vikifanya kazi, na kuelewa kwa nini kibaraza au ukingo wa paa umechomoza kiasi hicho. Mvua kubwa, acha baiskeli. Usiku nyuso za majengo hufifia lakini taa za ndani hufichua dari na ngazi ambazo mchana hazionekani. Tembea usiku katika mtaa ambao tayari umeutembea mchana, si katika mtaa mgeni.

Jengo nililolifuata limebomolewa. Je, safari imepotea?

Hutokea, na hata kwa majengo makubwa: Home Insurance Building la Chicago, lililokamilika mwaka 1885 na kuhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa majengo marefu yenye kiunzi cha chuma, lilibomolewa mwaka 1931. Ukifika penye pengo, tazama ukuta wa jirani. Mara nyingi umebeba mstari wa mshazari wa ngazi, vipande vya rangi za vyumba, mashimo ya boriti na alama ya paa, na kwa hivyo unaweza kuhesabu ghorofa na kupima urefu wake. Piga picha ya ukuta huo kabla pengo halijazibwa, iandike tarehe, kisha uilinganishe na ramani ya zamani kama ilivyoelezwa katika sehemu ya kupanga njia.